Namba za Penseli

Saa nne usiku, Julai, Nkuhungu.
Nimefungua ubavu wa kompyuta, nimefungua na dirisha,
upepo wa msimu huu, ule unaopasua midomo,
uingie wenyewe ufanye kazi
ambayo feni ya elfu thelathini imeshindwa.
Nimetundika kitenge cha mama kuchuja vumbi.
Asubuhi nitaulizwa.

Prosesa niliinunua Kariakoo, mtumba,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Muuzaji aliapa: hii inakimbia.
Inakimbia, ndiyo,
lakini hadi wapi kabla haijakaa chini?
Kiwandani waliipimia nne nukta mbili.
Mimi nataka nne nukta sita,
maana kuna kipaimara cha Jumapili,
watoto sitini na mmoja, kamera mbili,
na kila mama anataka kumwona wake
akipakwa krisma polepole.

Nikaanza chini, volti moja nukta mbili.
Ikawaka, ikaonyesha nembo, ikaganda
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Nikaongeza chembe.
Dakika tatu, bluu.
Nikaongeza chembe nyingine.
Dakika kumi na nane, bluu.

Nyemo akapita na kikombe cha chai yake, si yangu.
“Bado unaionja?”
Akachungulia daftari.
“Hiyo ni magadi ya mlenda, kaka.
Yakipungua hauvutiki, yakizidi hauliki.”
Akaenda kulala, ameshamaliza somo.
Nikaandika pembeni:
*ukipunguza huganda, ukizidisha huchoma*,
nikahesabu mizani, nane kwa nane,
nikacheka peke yangu.

Moja nukta mbili saba tano.
Dakika arobaini. Nyuzi themanini na moja.
Sikohoi. Sisogezi kiti.
Dakika arobaini na sita taa ikanywea,
stebilaiza ikabofya, ta,
na kila kitu kikazima.

Bila bluu, bila neno.
Gizani nilisikia vyuma vikipoa, tik, tik,
nami nimekaa kama hakimu asiye na shahidi:
ni volti zangu, au ni umeme wa mtaa?
Kosa lisilo na mwenyewe halifai hata kuandikwa.

Umeme uliporudi, nikaona mwanga wa zambarau
ukirukaruka nyuma ya ukuta.
Fundi Chilongani, na geti la mtu.
“Fundi, ni wewe unayenizimia?”
Akainua kinyago, jasho kwenye nyusi, baridi yote ile.
“Nachomea usiku kwa sababu mchana umeme ni mwembamba.
Bati hili nalo jembamba. Moto ukizidi, natoboa.
Ukipungua, linashika kwa uongo,
mtu anafunga geti mara mbili, linamwangukia.”
Akaniangalia.
“Wewe unachomea nini huko ndani?”
Nikashindwa kumweleza. Nikamwomba hadi alfajiri.
Akasema geti si mgonjwa, litasubiri.

Nikarudi. Moja nukta tatu, kwa nne nukta sita.
Saa moja. Saa mbili. Nyuzi themanini na sita,
na kwenye saa ya tatu kiini kimoja, cha nne,
kikakosea hesabu.
Kimoja tu. Vingine vyote vilikuwa vinaendelea
kama kwaya ambayo haijagundua nani katoka nje ya sauti.
Ningeweza kujifanya sikuona.
Nani angejua? Labda mtoto wa hamsini na tatu,
uso wake ukivunjika vipande vya kijani
mbele ya askofu.

Nikashuka.
Nne nukta tano, moja nukta mbili saba tano.
Nikalala sakafuni, sikio karibu na feni.
Jogoo wa kwa Chilongani aliniamsha
na mashine ilikuwa bado inahesabu, nyuzi sabini na nne,
haijakosea hata mara moja.
Sita sikuipata.
LUKU imebaki uniti mbili.
Kitenge cha mama kimekuwa na rangi ya Dodoma.

Namba nimeziandika kwa penseli.
Oktoba inakuja, dirisha litaingiza moto,
na hizi hizi zilizosema kweli usiku kucha
zitaanza kunidanganya.